Habari Iliyochelewa Kumfikia Ruizhen

Kuang Ruizhen alizaliwa vilimani kwetu Hunan, kwa wakulima wa chai. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega. Kocha Shu, aliyefundisha kunyanyua uzito katika shule ya michezo ya wilaya, alipomwona, alimshika vifundo vya mikono, akamgeukia mama yake.

"Huyu niachie mimi, dada. Nitakurudishia bingwa."

"Nirudishie mzima tu," mama akajibu.

Shuleni kitanda changu kilikuwa juu ya chake. Mimi goti lilinitoa mchezoni mapema, nikabaki kufundisha watoto. Ruizhen aliingia timu ya mkoa, kisha timu ya taifa, na Kocha Shu akaenda naye Beijing. Kila alipopiga simu nyumbani, mama alimtania: "Nasikia unanyanyua vyuma vizito huko. Njoo basi unisaidie kuzoa samadi ya nguruwe."

Mwaka wa mashindano ya Asia, simu zikaanza kupokewa na baba. Mama yuko shambani. Mama amelala. Mama ameenda kwa shangazi. Ruizhen alidhani wamegombana, na mazoezi hayakumpa nafasi ya kuwaza zaidi. Akapanda jukwaani, akawashinda wote, wimbo wa taifa ukapigwa huku akicheka.

Kesho yake asubuhi Kocha Shu alimwita pembeni.

"Keti, Ruizhen. Mama yako hayupo."

"Ameenda wapi?"

Kocha akainamisha kichwa. Ndipo Ruizhen alipoelewa.

"Lini?"

"Wakati wa kuchuma chai. Ini lilimsumbua. Baba yako aliniomba nisikwambie."

Majani ya chai yalichumwa masika. Sasa ilikuwa vuli.

Alirudi nyumbani, akamkuta baba yake jikoni akikata nyama iliyokaushwa kwa moshi.

"Baba, umemzika mama bila mimi."

"Mwenyewe ndiye aliyesema. Alisema ukija utalia, ukilia utashindwa, naye hataki kukuharibia kazi kwa kufa kwake."

"Na wewe ukakubali."

"Ulitaka nibishane na mtu anayekata roho?"

Ruizhen alipanda peke yake hadi kaburini kilimani, akapiga magoti, akagusisha paji la uso kwenye udongo mpaka likachubuka. Medali hakwenda nayo. Aliniambia baadaye kwamba aliisahau kwenye mkoba.

Alinyanyua miaka michache zaidi, lakini hakushinda tena. Watu walisema ni mgongo. Mwenyewe alisema kila alipoambiwa nyumbani ni salama, moyo ulikataa kuamini, na mwenye moyo wa namna hiyo hawezi kusimama chini ya chuma. Akarudi wilayani, tukawa tunafundisha pamoja.

Mwanafunzi wake bora alikuwa Luo Qiaoyun, aliyelelewa na bibi kwa kuwa wazazi walikuwa viwandani Guangdong. Siku moja kabla ya mchujo wa mkoa, mjomba wake alipiga simu: bibi amepatwa na kiharusi, mtoto asiambiwe. Mkuu wa shule akaafiki.

"Mwache anyanyue kwanza, Ruizhen. Hata wewe ulifichwa, na ukashinda."

Ruizhen alitoka. Alimkuta Qiaoyun akifunga viganja vyake kwa utepe.

"Bibi yako anaumwa sana. Kiharusi. Ukitaka kwenda, nimepata gari. Ukitaka kubaki, nitakuwa karibu nawe."

Mtoto akauliza, "Ungekuwa wewe, Mwalimu?"

"Mimi usiniulize. Mimi sikuulizwa."

Qiaoyun alikwenda. Bibi alikuwa bado anamtambua. Alimshika mkono na hakuuachia mpaka alipokata roho. Nafasi ya timu ya mkoa ilichukuliwa na mwingine, na haikurudi. Wazazi wa Qiaoyun walikuja shuleni kumtukana Ruizhen mbele yetu sote. Alisimama akawasikiliza. Mkuu akamwondoa kwenye ufundishaji, akampa kazi ya kutunza ghala la vyuma.

Qiaoyun sasa anashona viatu Guangdong. Mwaka Mpya uliopita alikuja kumsalimia, akaleta machungwa. Nilikuwepo. Ruizhen akamuuliza:

"Unanilaumu?"

"Kuna siku, ndiyo, Mwalimu."

Ruizhen akatikisa kichwa kukubali, akamenya chungwa, akampa nusu.