Macho ya Mwaloni kwenye Meza ya Bi Rahma

Siku yangu ya kwanza kazini, Bi Zuwena alinisimamisha mbele ya mbao mbili akaniambia nichague. Mmoja ulikuwa laini, umenyooka, hauna doa, kama bwana harusi anayetoka kwa kinyozi. Wa pili una mafundo, una nyufa, na ubavuni umebakiwa na gome. Nikachukua bwana harusi. Bi Zuwena hakunicheka. Alisema, "Huo si mwaloni, mwanangu. Huo umepakwa rangi ya mwaloni. Kapike chai, tuanze upya."

Nnajua, kumbukumbu za kazi huandikwa na wenye mvi. Mimi nimestaafu nna umri wa miaka thelathini na mbili. Vumbi la mbao limehamia kifuani kwangu na halilipi kodi, na daktari kasema nichague kifua au randa. Skuli niliishia ya msingi, kwa hiyo mkiona herufi imekaa upande, ipisheni tu iendelee na safari yake.

Karakana ya Bi Zuwena iko Amerat, hapa Maskati, nyuma ya nyumba yake. Kazi ya useremala aliipata kwa baba yake, aliyekuja nayo kutoka Unguja. Alikuwa akifunga kanga kichwani, penseli kaichomeka humo ndani, na akikutazama unavyoshika msumeno unajiona kama umevaa nguo kinyumenyume. Kaka yake, Bwana Said, ndiye aliyekuwa akileta wateja na kujibu simu. Mwenyewe alitaka tumwite Mkurugenzi, tukamwita, haitugharimu kitu.

Sasa nikwambieni mwaloni unavyojulikana, kama nilivyofunzwa. Kwanza uzito: ukiunyanyua unakujibu. Pili harufu: ukiukata unanuka uchachu, kama chai ya rangi iliyolala. Ukitazama kichwa cha ubao, pale ulipokatwa, unaona vitundu vimejipanga kwa duara kama vimetobolewa na sindano. Ukitazama uso wake, ukipata uliopasuliwa vizuri, unaona miale, mistari inayong'aa kama imepitiwa na konokono. Bado una shaka? Chovya msumari wenye kutu kwenye siki, uache ulale humo, kisha dondosha tone kwenye ubao. Mwaloni unageuka mweusi hapohapo. Bwana harusi wangu wa siku ya kwanza alibaki vilevile, maskini, hana hata haya ya kubadilika rangi.

Kuna mwaloni mweupe na mwekundu. Unapaka povu la sabuni kichwa kimoja, unapuliza kichwa cha pili. Mwekundu unatoa mapovu kama mtoto anayekoga. Mweupe umeziba, utapuliza mpaka macho yakutoke. Tulikuwa tunataka mweupe. Na tulikuwa tunautaka wa porini, wenye mafundo, ambao wengine wanaurudisha.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Fundo sisi tunaliita jicho, na kuna jicho hai na jicho lililokufa. Hai limeshikana na ubao, ukiligonga linalia sauti moja na jirani zake. Lililokufa lina mzunguko mweusi na linacheza, leo lipo, kesho limeanguka miguuni mwa mgeni. Ufa wa kichwani si kitu, unaukata. Ufa unaotembea na kiini cha mti, huo uache dukani. Ukingo mweupe wa chini ya gome tunautoa wote, maana ndio chakula cha wadudu. Ukishachagua, unazilaza mbao ndani, kwenye ubaridi wa mashine ya eysi, wiki baada ya wiki. Mwaloni umetoka nchi za baridi na mvua, umefika Maskati. Ukiuwahisha kuwa meza, utajikunja kama samaki kwenye kikaango. Bi Zuwena alikuwa akipita kati ya zile mbao kila asubuhi, anazigusa kwa kiganja, hasemi neno. Nimefanya kazi na watu wanaopenda watoto wao kidogo kuliko vile.

Mkurugenzi hakuwa na subira hiyo. Alitaka tuhamie kwenye mbao za unga, zile zinazogandishwa kwa gundi na kubandikwa karatasi yenye picha ya mti. Wateja wawili walikuwa wamesharudisha samani kwa sababu ya macho. Ikaja oda ya meza kubwa ya chakula, ya Bi Rahma, mama mtu mzima aliyehama Sidab kuja nyumba mpya Amerat. Mwanawe, mhandisi, aliona meza ya namna hiyo kwenye hoteli kule Bustan, akaitaka hivyohivyo. Mkurugenzi akatukusanya akasema, "Hii ikirudi, mwaloni khalas. Nnafunga."

Bi Zuwena akanigeukia, akaniambia mbao nichague mimi.

Nikachagua. Mmoja ulikuwa na jicho kubwa kama kisahani cha kikombe, hai, limezungukwa na mistari kama maji uliyotupia jiwe. Mkurugenzi akataka ubao ule tuugeuze, jicho likae chini. Na mimi, nisikufiche, niliogopa, nikaanza kuugeuza.

"Huo ubao uliuchagulia nini?" Bi Zuwena akaniuliza.

"Kwa hilo jicho, Bi."

"Sasa unalifichia nini?"

Likakaa juu, katikati ya meza.

Siku ya kuipeleka tulikwenda sote watatu. Bi Rahma akaja na bakora yake, akaizunguka meza, akasimama penye jicho. Mnaotoka majumba yetu mnajua: kwa watu wa pwani mbao ni mvule, safi, na mbao yenye tundu imeingia mdudu. Akamwambia mwanawe kwa upole kabisa, "Baba, umeuziwa mbao iliyoliwa." Mkurugenzi alikuwa ameshatoa simu kuita gari irudi. Bi Zuwena kaweka mikono nyuma.

Bi Rahma akachomoa pini kwenye mtandio wake. Mama yake, alisema, hakununua kitanda Unguja bila ya kukichoma pini kwanza. Ikizama, ndani mna wageni. Akalichoma lile jicho. Pini ikapinda. Akachomoa nyengine, akachoma jicho la pili, halafu la tatu, anazunguka meza nzima, na sisi nyuma yake kama tunamsindikiza bibi arusi.

"Bi mkubwa," nikamwambia, "pini zikikuishia, misumari nnayo mfukoni."

"Nyamaza we, na ndevu zako za kuhesabika." Akainama kwenye ufa mwembamba wa lile jicho kubwa, akaupuliza, akatazama kama utatoka unga, ule wanaouacha wadudu. Hakikutoka kitu. Akainuka. "Nani kachagua mbao hizi?"

Nikasema mimi.

"Mtoto wa nani wewe?"

Nikamwambia wa Bi Asha, mshonaji. Akaitikia kwa kichwa kama vile sasa mambo yameeleweka, akavuta kiti, akakaa mbele ya lile jicho kubwa.

"Leteni kahawa," akasema. "Hapa nnakaa mimi. Anayetaka pasafi akae kule pembeni."

Mkurugenzi akarudisha simu mfukoni. Njiani alimuuliza dada yake, taratibu, kama dukani zimebaki mbao nyengine zenye macho.

Ile ndiyo meza yangu ya mwisho, na karakana mpaka leo inafanya mwaloni. Mimi nnauza vifaa vya simu Ruwi, vitu vyepesi visivyo na harufu. Watu wananiuliza nilijifunza nini. Nilijifunza kusimama mbele ya ubao na kunyamaza, na kwa mtu wa mdomo kama wangu hiyo ni shahada.

Juzi Bi Zuwena kanitumia picha ya mbao mpya, anataka kujua achukue upi. Nikamjibu kwamba picha hainuki, na ubao haugongwi kwenye kioo cha simu, na daktari kanikataza vumbi.

Akajibu, "Dukani hakukatwi mbao, hakuna vumbi. Nipo nje kwenu."

Nikachungulia dirishani. Gari inanguruma, na penseli ipo kwenye kanga.