Taka Nilizorudisha Uwanjani

Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu Izigo, niliamini kwamba nilikuwa namuua dada yangu kwa ufagio.

Mwiko ulikuwa wa Bibi, mama yake Baba. Mtu akisafiri, hapafagiliwi ndani wala uwanjani mpaka afike alikokwenda. Ukifagia unafuta nyayo zake, naye hatarudi mzima. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alijidai kuyacheka mambo hayo, ingawa, kusema kweli, sikumbuki kumwona akishika ufagio hata siku ambazo hakuna aliyesafiri.

Dada yangu Koku alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko Bukoba, upande wa Rwamishenye. Likizo ilipokwisha, Mama alimsindikiza barabarani asubuhi. Kufagia uwanja ilikuwa kazi ya Koku. Akiondoka inakuwa yangu, nami nilitaka waone kwamba nimekua. Gari lake lilikuwa halijafika hata nusu ya njia, uwanja wangu ukawa unang'aa, taka zote nimezimwaga migombani.

Siku ya tatu simu ya Baba iliita. Alikuwa matroni wa shule. Koku amelazwa, ana homa kali, shingo haigeuki, hamtambui mtu. Madaktari wanasema ni homa ya uti wa mgongo.

Baba aliuliza swali moja mara tatu, "Anaongea?" Kisha akaenda kusimama juu ya kichuguu nyuma ya mibuni, mahali pekee ambapo mtandao ulishika vizuri, akabaki huko akiikodolea macho simu. Mama alijifunga kanga, akainua chupa ya uji, akaiweka chini, akaiinua tena. Bibi hakulia. Alitoka nje akautazama uwanja.

"Nani alifagia siku ile Koku alipoondoka?"

Nilisema ni mimi. Sikuwa na uongo wa haraka.

"Ee waitu!" Bibi alishika kifua. "Mwana wange, umemfagia dada yako."

Alinipa kikapu, akaniambia nikazirudishe taka zile, zote, bila kubakiza. Nilipiga magoti migombani nikaanza kuokota majani makavu, maganda ya ndizi, vijiti. Ningejuaje za siku ile ni zipi? Nilizoa kila kitu, hata udongo, huku nikilia kwa sauti. Nilipokuwa namwaga kikapu uwanjani, Mama alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wake. Nilimtazama nikitaka aseme neno, neno lolote. Alifungua mdomo, akaufunga, akaenda kutafuta gari la Bukoba.

Alikaa hospitali wiki sita, akilala sakafuni kando ya kitanda cha Koku. Kila Jumamosi Baba alipeleka ebitoke, ndizi zilizopikwa na Bibi, akirudi jioni anasema, "Leo amefumbua macho," au hasemi kitu, na siku hiyo hatukuuliza. Taka zilibaki uwanjani muda wote huo. Baba, mwalimu wetu asiyeamini miiko, alizikwepa kwa uangalifu, akipita pembeni kama anayepita kando ya mtu aliyelala.

Koku alirudi hai, ila sikio la kulia halikusikia tena. Bibi alifurahi, akasema taka zimemrudisha. Mimi sikufurahi kama wengine. Nilijua kwamba lile sikio nilikuwa nimelichukua mimi, na kila alipogeuza kichwa ili anisikie, nilitamani kukimbia. Bibi alifariki akiwa na hakika yake. Mimi nilikua na yangu, hata nilipokwisha kusoma shuleni kwamba homa ile huletwa na vijidudu. Kujua kulikuja, lakini aibu haikuondoka.

Mwaka jana Mama alikuja kwangu Buhembe, siku moja kabla mwanangu hajaanza shule ya bweni. Nilimwona akimgusa mtoto paji la uso, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

"Mama, mtoto mzima huyu," nilimwambia.

Alikaa kitandani juu ya mashuka niliyokuwa nayakunja.

"Koku alikuwa na homa asubuhi ile," alisema. "Alilalamika kichwa. Nilimpa panadol, nikamwambia asimwambie baba yake. Sikutaka akose mwanzo wa muhula."

Nilisema, "Uliniona na kile kikapu."

"Nilikuona, mwanangu."

"Nilikuwa na miaka tisa."

"Najua. Wote walikuwa wanakutazama wewe. Nikaacha wakutazame."

Hasira ilinipanda, nami sitajifanya kwamba imeisha. Huja nikiwa nakosha vyombo, nikiwa kanisani. Halafu namkumbuka kwenye sakafu ile ya hospitali, wiki sita, akimwuguza mtoto na siri yake chini ya kanga, na hasira inakosa pa kushika. Mwiko wa Bibi ulimpa mahali pa kujificha, na mahali hapo palikuwa nyuma ya mtoto mdogo. Nilimshika mkono.

Kabla ya kurudi Izigo aliniomba nisimwambie Koku. Nilikubali. Koku hunipigia simu kila Jumapili, ameiweka kwenye sikio la kushoto, ananiuliza habari za mama yetu, nami humjibu kwamba hajambo.