Matope ya Sungura

Matete mabichi yakichanwa kwa kisu hutoa harufu kama ya muwa, ila ina uchungu kidogo. Nimeishi mahali pengi, maana miguu yangu haijapenda kukaa, lakini harufu hiyo hunisimamisha popote. Juzi niliikuta kijijini Lupiro, kwa mzee mmoja aliyekuwa akisuka mgono, ule mtego mrefu wa samaki. Nikasahau nilikokuwa nakwenda.

Baba yangu alisuka migono kiangazi, mto uliporudi kwenye mkondo wake na kuacha madimbwi yaliyojaa kambare. Sikuwa na kaka wala dada. Nilimpa matete moja moja, naye akanipa hadithi. Mwaka mmoja alianza moja ambayo sikuwahi kuisikia. Simba aliwalazimisha wanyama wote wa bondeni kulima shamba lake, huku mashamba yao yakiota magugu. Aliyechelewa alichapwa. Ndipo Sungura akawaambia: jipakeni matope ya mtoni, kucha za Simba zitateleza. Wakajipaka, wakashika njia wakiimba, yule swala wetu wa bondeni, Sheshe, akiwa mbele na pembe zake.

"Zikateleza?" niliuliza.

"Mama, una haraka kama kambare aliyeona chungu." Aliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Kesho."

Kesho yake hakusuka. Alivuka mto na wanaume wenzake kuelekea Mahenge, kwenye boma la Wadachi, kama tulivyowaita Wajerumani. Walijifunga mabua ya mtama vichwani, na miili yao ilikuwa imelowa maji ya dawa ya kuzuia risasi. Niliuona mgongo wake uking'aa, pamoja na makovu ya viboko aliyoyapata kwenye mashamba ya pamba. Mgono ulibaki umetundikwa ukutani, haujafungwa mdomo.

Nilimsumbua mama anipe mwisho wa hadithi. Akasema, "Muulize aliyeianza." Nikamwendea bibi, mama yake baba.

"Mke mwenzangu," bibi alisema, maana ndivyo alivyopenda kunitania, "mgono humalizwa na mkono uliouanza. Hadithi nayo hivyo hivyo. Ukimmalizia mtu, umemwambia asirudi."

Nikaacha kuuliza. Sikutaka baba asirudi kwa sababu ya mdomo wangu. Lakini udadisi hauna adabu. Nilijificha nyuma ya nyumba, nikajipaka matope mkono mzima na kujikwaruza kwa kucha. Yalipokuwa mabichi, ziliteleza. Nikafurahi peke yangu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kufurahi naye. Niliamini kwamba baba ndiye Sungura, maana Sungura ana akili kuliko wote, na sikuwahi kusikia hadithi ambamo anakufa.

Kisha walikuja askari. Tulilala kwenye matete siku nyingi, na tuliporudi ghala lilikuwa majivu. Kiangazi kingine kilitukuta tukila viazi pori. Madimbwi yalikuwa na samaki, lakini mama aliupita mgono ule kila asubuhi kama haupo, akaenda kuchimba mizizi.

Siku moja alikuja mwanamume mmoja akichechemea. Nilimkumbuka, alikuwa miongoni mwa wale waliovuka na baba. Alisema na bibi kando ya jiko, akaondoka bila kuketi, hata maji hakunywa. Bibi alikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia. Ndipo akautungua mgono, akaumwagia maji matete yalainike, akaanza kuufunga mdomo.

"Lete matete, mke mwenzangu."

Nikaleta. Naye, bila kuulizwa, akasema, "Matope yalikauka njiani. Simba alipomrukia Sheshe, yalipasuka kama chungu kibovu. Sheshe akaanguka pale pale. Wengine wakakimbilia mtoni. Ndiyo maana hadi leo sheshe hawaachi ukingo wa maji. Wanainua shingo, wanatazama ng'ambo."

"Na Sungura?"

"Sungura hakwenda. Yeye alikuwa wa kusema tu."

Nilipiga makofi. Sungura alikuwa mzima! "Bibi, kumbe ulikuwa unaijua!"

"Nimeijua leo," alisema.

Mama, aliyekuwa akimenya viazi, aliweka kisu chini na kuingia ndani. Nikamsikia akilia. Mtu mzima anamlilia swala! Nilicheka, nikamwita kutoka nje, "Mama, ni hadithi tu!"

Hakuna aliyenigombeza. Kesho yake tulikula kambare.

Baadaye nilisoma miaka miwili kwa mapadri. Mwalimu alidai kila hadithi itoe fundisho moja. Nilipomsimulia yangu alisema, "Fundisho: usimwamini mjanja." Sikubisha, ila sikukaa sana shuleni. Tangu hapo, kila nilikokwenda nimewauliza watu kuhusu wanyama waliojipaka matope. Nimewauliza wavuvi, wachukuzi wa mizigo, wanawake visimani, hata wajenzi wa reli. Hadithi nyingine zote za utotoni nimezikuta huko, zimebadilishwa majina tu. Hii hakuna anayeijua.

Nilikuwa nimeanza kuota mvi nilipoelewa kwamba baba aliitunga huku akisuka, neno kwa neno, tete kwa tete. Miaka yote nilidhani alininyima mwisho ili anitanie. Aliniambia "kesho" kwa sababu naye alikuwa anangoja kujua kama kucha zitateleza.