Mistari ya Paa

Jumamosi iliyopita nilifika kwenye kishamba ninachokodi kwa halmashauri hapa Edmonton, Landani, nikakuta maharage yameota. Ila hayakuota kwenye mistari. Kando ya uzio, nilipomwachia mjukuu wangu apande peke yake, udongo ulikuwa mtupu mpaka mwisho, na pale mwisho palikuwa na kishungi kimoja cha miche, imebanana kama nywele za brashi. Nilisimama na ndoo ya maji mkononi, uso ukiniwaka. Wewe uliyekulia shamba unajua miche ya namna ile inasema nini. Mimi naijua zaidi.

Mistari ile ya kando ya uzio ni chakula cha paa. Hutoka upande wa mtoni alfajiri, wadogo, migongo imejikunja, wakaingia kwenye mboga za watu. Mzungu wa kishamba cha jirani ameweka wavu, na hupenda kuniuliza kama nimewafungulia mgahawa. Humjibu kwamba nafuata ya bibi yangu.

Kwetu Usambara shamba la bibi lilipakana na msitu. Kila msimu wa mvua alipanda ukingo wa juu mchanganyiko wa kunde, fiwi na choroko, na akishapanda hakupalilia wala hakuchuma hata jani. Wakishiba pale juu, alisema, hawatashuka kwenye maharage yetu. Na kweli hawakushuka.

Mbegu za ukingo zilitoka kwa jirani, mwanamke wa rika lake, aliyezihifadhi ndani ya majivu kwenye vibuyu juu ya meko. Walilima pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kuna siku walicheka mpaka majembe yakawekwa chini. Jirani aliniita mume wangu, kama alivyoniita bibi. Akipika makande alinipakulia kwenye bakuli la bati peke yangu, eti mume hali sahani moja na watoto. Mpaka leo harufu ya fiwi zikichemka huniletea sauti yake.

Mwaka mmoja walibaki kwenye maharage, wakanituma ukingoni peke yangu na ungo wa mbegu. Kila shimo mbegu tatu, fukia kwa mguu. Bondeni wenzangu walishaanza mpira, nilikuwa nawasikia. Nikajiambia hiki ni chakula cha wanyama tu, nani atakuja kukagua? Nikachimba shimo moja kubwa kando ya kisiki, nikamimina zote, nikafukia. Kwingine nilikwangua udongo juu juu uonekane umelimwa, kisha nikashuka mbio.

Mvua iliponyesha ziliota zote pale kisikini. Niliziwahi kabla bibi hajafika huko. Nikazing'oa, nikazitupa msituni, nikanawa mikono mtoni.

Ukingo ukabaki magugu. Paa walipokuja hawakukuta chao, wakashuka, na maharage ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua. Asubuhi tulikuta vikonyo vitupu. Msimu ule tulikula mahindi matupu. Bibi hakuwalaumu paa. Alimlaumu jirani.

"Mwenzangu, ulinipa mbegu zilizokufa," alimwambia pale uani kwetu.

"Kwangu zimeota. Mbegu ni zile zile."

"Basi ulijichagulia nzima."

Jirani alinigeukia. Hakuwa na hasira bado. "Mume wangu, ulizipanda zote?"

"Nilizipanda zote," nikasema, nikawaangalia kuku.

Hawakupigiana kelele. Jirani alichukua ungo wake akaenda. Tangu siku ile kila mmoja alilima kwake, na tukipishana njiani jirani aliniita kijana. Ningeweza kusema kesho yake. Ningeweza kusema likizo yoyote nilipokuwa sekondari. Jirani alipofariki, bibi alikwenda msibani akakaa karibu na mlango kama mtu wa mbali, na mimi nilikuwa nje na wanaume, nakunywa chai. Nikapanga kumwambia bibi siku nyingine. Nikaja Landani, nikaendesha basi miaka mingi, na bibi alizikwa mimi nikiwa kazini.

Naambiwa ule ukingo sasa una nyumba. Msitu umesogea juu sana, paa hawashuki, na hakuna awapandiaye.

Basi Jumamosi ile nilijikuta nimeshapiga magoti, vidole vyangu vinaing'oa ile miche kabla mtoto hajafika. Mikono haikuwa imesahau. Mjukuu wangu akatokea nyuma yangu. Huyu hunielewa vizuri, lakini siku zote hunijibu kwa Kiingereza.

"Usitoe, Babu," alisema kwa Kiswahili. "Ni mimi. Nilichoka, nikamwaga zote hapa."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nilishindwa kumtazama. Akataka kujua kama paa watakosa chakula sasa, nikamwambia tutapanda tena, bado kuna muda. Akaniuliza kama mimi niliwahi kufanya hivyo. Nikageuza ndoo, nikakaa juu yake, nikamweleza yote, mpaka lile la kuku. Hakuna mtu niliyewahi kumweleza.

Alisikiliza, halafu akaniuliza yule jirani aliitwa nani.

Mimi nilimwita bibi tu, kama wangu. Jina lake sikuwahi kulijua. Nalijua lile aliloniita mimi.