Afande Kulia Hajalia Bado

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi. Uwanja wa nyuma ya kanisa una umande bado, na makadeti thelathini na wanane wamesimama mistari mitatu, vidole gumba vimebanwa kwenye mishono ya suruali na sketi. Mbele yao anapita mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mmoja, raba nyeupe miguuni, fimbo kwapani. Nyuso hazimshughulishi. Anakagua kola.

Anasimama mbele ya kijana mmoja mrefu na kumshika ukingo wa shati kwa vidole viwili.

"Hii umeipiga pasi ikiwa imekauka."

"Ndiyo, afande."

"Shati kavu halisikii pasi, mwanangu. Linyunyizie maji kwanza. Haya, sala."

Binti wa mstari wa mbele, sajenti wa kikosi, anaomba kwa maneno machache. Kwenye "Amina" miguu thelathini na minane inatua chini kwa kishindo kimoja. Ndivyo wanavyofunga sala uwanjani. Ndani ya ibada wamekatazwa, ingawa makadeti wapya hujisahau na mabenchi yakatikisika, na wazee wa kanisa wakageuka nyuma kwa macho makali.

Mwanamke huyu wanamwita Afande Kulia. Hajawahi kuwa askari hata siku moja. Jumatatu hadi Ijumaa ni dobi katika chumba cha kufulia cha hospitali, anakonyoosha mashuka na makoti ya madaktari, nguo mia na thelathini kwa siku, kwa muda wa saa tisa akiwa amesimama. Mshahara wake, anasema, hufika nyumbani umechoka kuliko yeye. Anaishi vyumba viwili na mumewe, fundi mwashi, pamoja na binti wa mdogo wake, ambaye ndiye yule sajenti. Uwanjani binti humwita afande. Wakivuka geti tu, anarudi kuwa mama mkubwa.

Kwata aliijulia dirishani. Kabla ya hospitali alifanya kazi ya udobi miaka kumi na mmoja katika chuo cha walinzi, na meza yake ya pasi ilitazamana na uwanja wa gwaride. Kila asubuhi walinzi walipiga kwata wakimwelekea. Mashine za kufulia zilinguruma kiasi kwamba amri hazikusikika, kwa hiyo alijifunza kwa macho, miguu yake ikifuatisha chini ya meza.

"Wenzangu walidhani nina baridi yabisi," anasema, na anacheka mwenyewe.

Miaka minane iliyopita, vijana sita wa kanisani kwake walikuwa wakishinda ukutani pa duka, hawana shule wala kazi, na kila mpita njia akiwasema. Aliwaita uwanjani Jumamosi moja. Akawapa kwata, somo la Biblia na huduma ya kwanza, kisha akawapeleka kuwafulia nguo wagonjwa wasio na ndugu. Jumamosi iliyofuata walikuja kumi na mmoja.

Miezi minne baadaye walialikwa kwenye gwaride la vijana wa makanisa ya mji mzima. Amri ya kutembea ilipotoka, vikosi vyote viliondoka na mguu wa kushoto. Chake kiliondoka na wa kulia, kikanyooka vizuri kabisa, kikiwa peke yake uwanja mzima. Watu wakashika mbavu.

Kosa lilikuwa la dirisha. Ukimtazama mtu uso kwa uso, mguu wake wa kushoto uko upande wako wa kulia, na yeye alikuwa ameyabeba yale aliyoyaona kama yalivyo. Katibu wa kamati ya kanisa ndiye aliyembandika jina siku hiyohiyo, na jinsi alivyolitamka, lilikuwa na ncha mbili: mguu wa kulia, na kulia machozi.

"Alitaka nilie, nadhani," anasema. "Sasa ni mwaka wa nane. Aendelee kungoja."

Jumamosi iliyofuata alifika na vitambaa vyekundu, akafunga kimoja kwenye kifundo chake cha kushoto mbele ya wote, ndipo akawafunga wao. Wiki tatu baadaye vitambaa vilitupwa. Jina akalibakiza. Amelishona kifuani kwa uzi wa njano, na katibu hulisoma kila Jumapili atake asitake.

Safari hii, hata hivyo, mambo si ya kucheka. Mwezi uliopita kamati ilimwandikia barua kwamba kikosi kimekua na kinahitaji mkufunzi mwenye cheti. Kitakabidhiwa kwa sajenti mmoja mstaafu wa jeshi, na yeye atabaki msimamizi wa sare.

Alikwenda kwenye kikao chao na barua mkononi. Hakukaa.

"Niliwaambia mimi sikabidhi. Vijana wakiwa ukutani pa duka, hakuna aliyedai cheti. Mungu aliponiita hakuniuliza nimesomea wapi. Leo wamenyooka, ndiyo mnaona mimi nimepinda?"

Katibu ana maelezo yake. "Tunamheshimu mama yule," anasema. "Lakini mzazi akiuliza mwanawe anafundishwa na nani, tumjibu nini? Dobi?"

Mstaafu mwenyewe alikuja kukitazama kikosi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka mwisho. Kisha akaiambia kamati kwamba hanyang'anyi mtu kazi yake, na kwamba mtihani wa ukufunzi uko wazi kwa yeyote. Kamati ikakubali shingo upande: akifaulu, abaki. Akifeli, sare.

Zimebaki wiki tano. Kwata haimtishi. Kinachomtisha ni karatasi, maana shule aliiacha darasa la saba. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, sajenti wake humkalisha mezani na kumuuliza maswali, na akikosea humrudisha mwanzo bila huruma.

"Amenifundisha hivyohivyo mama mkubwa," binti anasema. "Leo ni zamu yangu."

Anaogopa, na anasema wazi kwamba anaogopa. Lakini akiulizwa itakuwaje akifeli, anajibu kabla swali halijaisha.

"Nitarudia. Na huyo watakayemleta atanikuta mstari wa nyuma kabisa, kadeti wa thelathini na tisa. Hakuna kanuni inayotaja umri, nimeshaisoma."

Fomu ya mtihani iko mezani, imejazwa, inangoja kupelekwa Jumatatu. Panapoulizwa cheo cha mwisho jeshini, binti alimshauri apige kistari apite. Alikataa. Ameandika kwa wino mweusi, herufi kubwa, mpaka zimevuka kisanduku: DOBI, MIAKA ISHIRINI NA SITA.