Nzigire anaisubiri nyumba iliyotakiwa kubomolewa

Ukungu wa asubuhi haujaisha upande wa mashariki wa jiji la Buffalo, na Nzigire Chirhuza yuko juu ya ngazi, misumari mdomoni, akiziba dirisha kwa ubao. Waridi lisilo na mwenyewe limepanda hadi kibarazani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba. Sasa ni majani matupu, na kulungu wawili wanakula bila haraka, kama wapangaji waliolipa kodi.

"Ona vile kumenyamaza," anasema baada ya kutema misumari. "Kwetu Kaziba, asubuhi kulikuwa hivi hivi."

Kwa dola kumi na nane kwa saa, Nzigire hufagia na kuziba nyumba zilizoachwa viwanda vilipofungwa. Theluji ikizidi, hakuna kazi.

Nyumba hii ilimponza mwaka jana. Kwao Kaziba, Kivu Kusini, jirani akikimbia vita, aliyebaki humwashia moto jikoni mwake mara moja moja ili moshi ufukuze wadudu wanaokula paa la nyasi. Nzigire aliona meko sebuleni, akawasha. Bomba la moshi lilikuwa limejaa viota. Moshi ukatokea madirishani, zimamoto wakafika.

Msimamizi wake, Ferdinandi, Mtanzania, hakucheka. "Dada, paa hili ni la lami. Unamfukuza mdudu gani?"

"Nikamwambia, bon, nasaidia nyumba," anakumbuka Nzigire. Alisimamishwa kazi wiki mbili.

Lakini waliokuja kukagua baada ya ule moshi walikuta kuta na mihimili ni imara. Nyumba ikaondolewa kwenye zamu ya kubomolewa. Jiji litampa mtu atakayeahidi kuitengeneza na kuishi humo. Nzigire ameomba. Jibu litatoka kabla ya baridi. Asipopatikana mtu, tingatinga litarudi.

Binti yake Gracieuse, miaka kumi na saba, hataki kusikia. Anamjibu mama yake kwa Kiingereza kwamba nyumba inanuka paka.

"Inanuka kweli," anasema Nzigire. "Tutaiosha."

Ina vyumba vitano, na hapo ndipo roho yake ilipo. Dada yake, Clémence, anafunga maboksi kwenye ghala huko Columbus. Kaka yao, Kataliko, anatunza wazee Shively, karibu na Louisville. Tangu walipotoka kambi ya wakimbizi hawajalala chini ya paa moja; hukutana misibani, kila mtu akalala kwa wenyeji wake.

Nyumba ya mama yao kule Kaziba haina mtu. Aliyepita huko alituma picha: paa limeanguka, na mgomba umeota pale mama alipokuwa akilala.

"Ni mzuri, ule mgomba," anasema polepole. "Umezaa. Sijui nani anakula."

Anashuka ngazi, anajipangusa mikono.

"Nimeshawagawia vyumba. Kataliko atalala chini, goti linamsumbua. Clémence amechagua cha juu bila kukiona. Wakinipa hii nyumba, Krismasi watakuja. Hatutaongea mengi. Nataka usiku nisikie mtu anakohoa chumba cha pili, nijue ni wa kwetu."