Yule bibi mwongo kwenye novel mnayoisifia ni mama yangu mzazi

Wakuu, salaam kwenu wote, wa zamani na mlioingia jana. Mimi huwaga msomaji tu humu. Nachungulia nyuzi za watu, nacheka, naenda kulala. Leo imebidi niandike, na nitakachoandika naweza kukirudia nikiwa nimeshika Biblia mbele ya hakimu, maana hata chanzo chenyewe ni mambo ya kesi.

Mnisamehe kwa urefu. Na kwa hasira pia. Nilisubiri zipoe, zimegoma.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Bunda. Nyumbani ni Butiama, kijijini. Mama yangu yuko huko na shamba lake la mihogo na mtama. Baba alishatangulia siku nyingi.

Nipo kwenye group moja la WhatsApp la wasomaji wa vitabu wa huku kwetu Mara. Tunasoma kitabu, kila mtu anatoa maoni yake, tunabishana, admin anatutuliza. Raha tupu.

Basi mwaka huu ikaingia novel mpya. Legal thriller, kitabu cha kwanza cha kijana mmoja anayekaa Bweri, pale Musoma. Jina lake silitaji. Nitamwita Karani, mtaelewa mbele.

Group lilichizika. "Finally mtu wa kwetu kaandika kitu cha mahakama." "Sijalala nakisoma." "Mwisho wake, jamani, mwisho wake!"

Na mimi nikanunua. Nikasoma sura tano bila kunyanyuka, nikaenda kwenye group nikashusha review ndefu. Nilisema huyu kijana ana kipaji na kila mtu anunue. Nilisifia kitabu ambacho sijakimaliza. Hilo nalijutia mpaka leo.

Kwa ambao hamjakisoma: ni mjane mzee anagombea shamba na shemeji yake. Kuna wakili kijana anamtetea, anampenda kama mama yake. Wajane wanaonyang'anywa mashamba wako kila kona, kwa hiyo sikushtuka.

Nilishtuka sura ya tisa.

Wakili wa upande wa pili anamuuliza yule bibi ana hati gani kuonyesha shamba ni lake. Bibi anasimama, anasema hivi:

"Mheshimiwa, karatasi mimi sina. Nina huu mgongo. Umeinamia lile shamba toka nikiwa msichana. Uulizeni."

Wakuu, nilirudi nikaisoma upya.

Hayo ni maneno ya mama yangu. Siyo yanayofanana. Ni yenyewe, neno kwa neno, aliyoyasema kwenye baraza la ardhi siku baba mdogo alipomshtaki ili amtoe shambani. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili, na nililia.

Na Karani aliyasikia pia, maana alikuwepo. Ndiye aliyekuwa karani wa wakili wetu; jina lake sikuwahi kulijua, picha ya nyuma ya kitabu ndiyo iliyonifungua macho. Alikuwa anabeba mafaili, anaandika kila kitu kwenye daftari lake. Mama akienda ofisini kwa wakili, huyo huyo kijana ndiye anampa kiti na maji ya kunywa. Mama alimpenda kweli, akamletea mpaka karanga.

Nikawaza, sawa, labda kamuenzi. Nikaendelea kusoma.

Sasa sikieni huo mwisho mnaoshangilia. Inakuja kugundulika kwamba bibi alikuwa tapeli muda wote. Alighushi wosia wa marehemu mumewe. Shemeji ndiye alikuwa na haki. Wakili kijana anabaki analia kwa kudanganywa na kibibi. Hiyo ndiyo plot twist.

Halafu ukurasa wa mwisho umeandikwa: hadithi hii imetokana na kesi ya kweli. Chini yake wasifu wa mwandishi, kwamba amefanya kazi ofisi ya wakili Musoma.

Ukweli ni kwamba mama alishinda ile kesi. Mwenyekiti wa baraza alikwenda mpaka shambani, akawasikiliza majirani mmoja mmoja, akaona mipaka ya mkonge aliyoipanda mama mwenyewe. Wosia haukuwepo. Hakukuwa na karatasi yoyote, na ndiyo maana mama alisema vile! Mtu anayesema "karatasi sina" unamsingizia vipi kughushi karatasi?

Sasa turudi kwa wasomaji, maana hapo ndipo damu inapochemka.

Ile sentensi ya mgongo ikawa kila mahali. Watu wanaiweka status. Mmoja kwenye group akaandika, "Hawa vibibi wa vijijini msiwaonee huruma, ni wajanja kuliko sisi." Akapata makopakopa kibao. Mwingine akasema kajifunza kutoamini machozi ya mjane.

Na kuna mkosoaji mmoja wa Dar, anajiita mchambuzi, yeye kashusha nyota. Eti maneno ya yule bibi hayana uhalisia. Eti mwanamke wa kijijini ambaye hajasoma hawezi kuongea vile, mwandishi kamvalisha maneno yake. Yaani mama yangu kaongea mwenyewe kwa kinywa chake, halafu anaambiwa hana uhalisia! Nilicheka kwa uchungu siku hiyo.

Ningeweza kunyamaza kama ingeishia kwenye simu.

Baba mdogo ana kijana wake anaitwa Wambura. Toka baba yake ashindwe kesi hajawahi kutulia. Huyu Wambura akakipata kitabu. Akaenda nacho kwenye mkutano wa kitongoji, akasoma zile kurasa za mwisho kwa sauti. Akawaambia watu: mwandishi alikuwa mtu wa ndani wa wakili wao, sasa dhamiri imemsuta katoa siri.

Watu wanajua mama hajui kuandika. Wambura hilo alishalipanga. Akasema, "Mama mkubwa hajui kuandika, lakini si ana binti mwalimu?"

Ndiyo hivyo wakuu. Nikawa mimi ndiye niliyeandika wosia ambao haujawahi kuwepo duniani.

Wiki hiyo hiyo mikonge ya mpakani ikang'olewa upande mmoja. Mama akienda kisimani wenzake wananyamaza. Kwenye jumuiya, mama mmoja akamwambia atubu mapema, Mungu ni mwenye huruma. Mama yangu, mtu wa kanisani toka anazaliwa kule Bukima, anaambiwa akatubu kwa sababu ya kitabu cha hadithi.

Nikampigia Karani. Nilijizuia nisimtukane. Nikamuomba kitu kimoja tu: aandike kwenye page yake kwamba mama halisi hakughushi kitu na kesi alishinda. Mistari miwili.

Akaniambia, "Mwalimu nakuelewa sana, ila nikisema hivyo nitakuwa nimeua twist. Wasomaji wengine hawajafika mwisho."

Naomba mrudie kuisoma hiyo. Mama yangu anatengwa kijijini, yeye anaogopa kuua twist.

Nikasema sawa. Akatangaza kikao cha kukutana na wasomaji pale Musoma mjini, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja wa mikutano. Nikamwambia mama nakwenda kumkabili. Mama akaendelea kumenya mihogo, halafu akasema na yeye atakuja. Nikamkatalia, hakunisikiliza. Akavaa gauni lake la kanisani.

Ukumbi ulijaa. Tukakaa katikati. Wasomaji wakapewa maiki mmoja mmoja watoe maoni. Jamaa mmoja mwenye tai akasema taratibu za mahakama zimekosewa sura ya tatu. Dada mmoja akasema jalada halivutii. Mwingine akasema mhusika aliyempenda ni bibi, kwa sababu ni mwongo anayeongea vizuri. Ukumbi ukacheka. Nilimtazama mama. Hakucheka, hakukunja uso. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

Akapewa maiki. Nikawasha simu nirekodi.

Akamsalimia Karani kwanza, akamuuliza habari za nyumbani. Karani alikuwa ameshamtambua. Kisha mama akasema:

"Baba, kitabu hii mwanangu amenisomea yote. Umeandika nilighushi sahihi ya mume wangu. Mimi kalamu sijawahi kushika. Siku ya kuapa kwa wakili, wewe ndiye ulinishika kidole hiki, ukanipaka wino, ukakigandamiza kwenye karatasi, maana mimi sijui. Ukanifuta na kitambaa chako. Sasa niambie, nilighushi na nini?"

Akakiinua kidole juu.

Karani akaanza kubabaika. Mara sanaa, mara uhuru wa mwandishi. Mama akabaki amesimama na kidole chake juu, anasubiri jibu. Mwisho kijana akainamisha kichwa akasema kwenye maiki, "Mama, wewe hukughushi kitu. Kesi ulishinda. Yule wa kwenye kitabu nimemtunga mimi."

Mama akasema asante, akakaa.

Mnadhani watu waliona aibu? Walipiga makofi! Wakadhani ni igizo. Kuna dada alikuja kuomba selfie na "Bibi Mgongo". Jioni kwenye group mtu kaandika, "Promo ya leo imeniua, yule bibi waliyemtafuta anaweza, apewe movie." Niliandika pale kwamba yule si muigizaji, ni mama yangu mzazi. Wakaniwekea vicheko. Admin akaniomba nisiharibu mood ya group. Nikajitoa.

Lakini sauti ninayo.

Mkutano wa kitongoji uliofuata nilikwenda na spika ndogo niliyoazima kwa mwenye duka. Mwenyekiti akanipa nafasi. Nikawasha. Watu wakasikia kwa sauti ya Karani mwenyewe, "Wewe hukughushi kitu. Kesi ulishinda." Wakaomba irudiwe. Nikairudia mara tatu. Yule mama wa jumuiya alikuja kumshika mama mkono mbele ya watu, na kwa hilo namshukuru, ilihitaji moyo.

Wambura akasema labda tumemlipa Karani aseme vile. Mwenyekiti akamwambia mikonge iliyong'olewa airudishe mwenyewe kwa jembe lake, na ameirudisha. Hajasema samahani.

Mkutano ulipoisha watu walikuwa na furaha. Mzee mmoja jirani akamtania mama, akamwambia hebu shemeji tusemee yale maneno yako ya mgongo, sisi hatukuwepo barazani. Wengine nao wakashangilia, sema, sema.

Mama akatikisa kichwa. Alisema, "Yalikuwa yangu. Sasa nikiyasema nitaonekana namuiga yule kijana."

Akajifunga kanga, akatangulia nyumbani.

Wakuu, shamba limebaki, jina kijijini limesafishika kiasi chake, lakini hilo jibu la mama sijalimeza mpaka sasa. Yale maneno aliyasema akiwa amesimama peke yake mbele ya wanaume waliosoma, hana baba, hana mume. Ndiyo yalikuwa mali yake. Leo yamechapwa kwenye fulana za watu Musoma.

Nilichojifunza. Kwanza, usisifie kitabu hujafika mwisho, nimewapa watu wengi kitabu kinachomtukana mama yangu. Pili, ukienda kwa wakili angalia na anayeandika pembeni. Na nyie waandishi humu, najua mpo: tungeni mnavyotaka, mimi sizuii sanaa, napenda sana hadithi. Ila ukichukua maneno ya mtu aliyekuamini, ukayatia kwenye mdomo wa mwongo, halafu ukaandika "kesi ya kweli" mwishoni, umemshtaki upya mahali ambapo hawezi kujitetea.

Wanasheria wa humu naomba mnishauri: karani wa wakili anaruhusiwa kweli kutumia mambo ya mteja namna hii? Kuna hatua ya kuchukua, au ndiyo imetoka? Wanaotaka kuniambia "ni fiction tu" nao waje, nina nguvu za kutosha.

Na kama umekisoma hicho kitabu, na najua wengi mmekisoma, ukaandika review mahali popote ukimsema yule bibi, nina ombi moja. Usiifute. Rudi pale chini uongeze mstari mmoja: mwenyewe yupo Butiama, analima, na kesi alishinda.